Mzee kaandikiwa sindano za tumboni siku 35 baada ya operesheni ya nyonga. Kwa nini asimeze tu Junior Aspirini?

#1 Mtu_wa_Muheza
Wakuu habari za jioni. Najua humu kuna manesi, wafamasia na wajuaji wa kila aina, naomba mawazo.

Mzee wangu, miaka 71, aliteleza kwenye ngazi za msikiti mwezi huu, nyonga ikavunjika. Tukamleta Dar, akafanyiwa operesheni, wakamwekea ya chuma. Imekwenda vizuri. Siku ya kuruhusiwa tukapewa karatasi: Clexane 40 mg, sindano moja kila siku kwenye nyama ya tumbo, mpaka zitimie siku 35 tangu operesheni. Wodini alishachomwa 8. Zilizobaki tujinunulie.

Sasa bei yake wakuu! Nilinunua kumi za kwanza, nikatoka dukani nikakaa kwanza kwenye msingi wa jengo. Kijana wa duka la dawa akanionea huruma, akaniambia "braza, wapo watu wanameza Junior Aspirini tu, zote ni za kuzuia damu kuganda". Halafu kuna jirani yetu pale Muheza alifanyiwa nyonga mwaka juzi, hatujasikia habari ya sindano nyumbani kwake, na kila alasiri yuko barazani anacheza bao.

Je, ni kweli kazi ni ile ile? Na hizi siku 35 zimetoka wapi, mbona si 30 wala 40?

#2 Kiporo_cha_Jana
Nimekaa mkao wa kula. Wajuzi karibuni.

#3 Mjukuu_wa_Bibi
Mkuu, damu ya wazee huwa nzito. Punje mbili za kitunguu saumu asubuhi, tangawizi, maji ya vuguvugu na ndimu. Bibi yangu kafika 93 na sindano ya tumbo haijui.

#4 Dawa_Baridi
Mtu_wa_Muheza, kijana wa duka kakupa nusu ya habari.

Damu inaganda kwa kazi ya makundi mawili. La kwanza ni chembe sahani, zile ndogo sana zinazokimbilia mahali mshipa ulipochanika na kujibandika. La pili ni protini zinazofuma nyuzi, kama wavu wa dagaa. Aspirini inazilaza chembe sahani. Clexane, ambayo jina lake la kidawa ni enoksaparini, inazuia wavu usifumwe. Kwenye mishipa ya moyo damu inakwenda kasi na bonge la damu la huko limejaa chembe sahani, ndiyo maana wagonjwa wa moyo wanapewa aspirini. Vena za ndani ya mguu, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, ni kama mto wa kiangazi, damu inajikokota, na bonge lake ni nyuzi na chembe nyekundu. Huko enoksaparini ina nguvu zaidi.

Siku 35: ukitengenezwa nyonga, mabonge mengi hujitokeza ukiwa umeshatoka hospitali, wiki ya pili, ya tatu. Miongozo mingi inaandika siku 28 hadi 35. Goti bandia ni kama siku 14. Hakuna uganga wa namba hapo.

Usibadilishe dawa kwa ushauri wa dirishani. Mpigie aliyeandika, mweleze hali ya mfuko, na umuulize kama figo za mzee zilipimwa, maana figo zikiwa dhaifu dozi ya enoksaparini inapunguzwa.

Mjukuu_wa_Bibi, hakuna "damu nzito" kwenye jambo hili. Na dawa hizi haziifanyi damu kuwa nyepesi kama chai, zinachelewesha kuganda tu. Hata bonge lililokwisha kujijenga haziliyeyushi. Zinalizuia lisikue, mwili wenyewe unalimaliza polepole.

#5 Nesi_Mstaafu
Naongeza kwa vitendo, maana watu wengi wanapewa boksi na kusahaulika.

Mlaze mzee au mkalishe ameegemea. Chagua mahali angalau vidole vitatu kutoka kitovuni, leo kushoto kesho kulia. Finya nyama ya tumbo iinuke kama mkunjo wa shuka, uishikilie mpaka mwisho. Sindano iingie wima, yote. Sukuma taratibu. Ukitoa, USISUGUE. Wanaosugua ndio wanaokuja na tumbo lenye madoa ya zambarau kama limepigwa na fimbo. Kale ka kipovu cha hewa ndani ya bomba kaache kalivyo. Sindano zilizotumika ziingie kwenye kopo gumu la plastiki lenye kifuniko, lirudi zahanati. Usitupe jalalani, wapo watoto wanaookota.

#6 Bwana_Siafu
Mama, hapo kwenye hewa umenitisha. Si tunaambiwa hewa ikiingia mshipani mtu anakwenda?

#7 Nesi_Mstaafu
Mwanangu, hatuchomi mshipa, tunachoma mafuta ya chini ya ngozi. Kipovu kinasukuma tone la mwisho liingie. Ukijifanya fundi wa kukitoa unamwaga na dawa, na wewe umeinunua kwa machozi.

#8 Ticha_Kemia
Uzi mtamu. Niongeze historia: hizi dawa za jamii ya heparini, hiyo Clexane ikiwemo, zinatoka kwenye ini la mbwa.

#9 Dawa_Baridi
Ticha, umechanganya zamani na sasa. Mwaka 1916 mwanafunzi wa udaktari, Jay McLean, pale Johns Hopkins Marekani, ndiye aliyekuta kitu kwenye ini la mbwa kinachozuia damu kuganda. Jina heparini linatokana na neno la Kigiriki la ini. Hii tunayotumia leo inatengenezwa kutoka utando wa ndani wa utumbo wa nguruwe, na enoksaparini ni hiyo hiyo iliyokatwakatwa iwe molekuli fupi. Wakati fulani walitumia pia mapafu ya ng'ombe, Marekani wakaiondoa hofu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ilipoingia. Brazil bado wanayo ya ng'ombe, ila hiyo ni heparini ya kawaida.

#10 Mtu_wa_Muheza
Ngoja kwanza. Utumbo wa NINI?

#11 Kiporo_cha_Jana
Hahahaha mzee kaangukia ngazi za msikiti, kachomwa nane tayari. Uzi umechangamka.

#12 Ustadhi_Mdogo
Kiporo, acha utani kwenye mambo ya watu. Mtu_wa_Muheza, asiwe na wasiwasi na zile nane, hakujua na hukujua. Al-Baqara aya ya 173 imeruhusu kwa aliyelazimika bila kutamani wala kuvuka mpaka. Wapo pia wanazuoni wanaosema kitu kikigeuzwa kabisa asili yake, hukumu yake nayo inageuka. Wengine hawakubali, wanasema hapa asili haijageuka bali imesafishwa tu. Lakini dharura hupimwa kwa kipimo chake. Swali langu kwa Dawa_Baridi: ipo mbadala isiyo na mnyama huyo? Kama ipo na inapatikana, dharura inaanza kuyumba.

#13 Dawa_Baridi
Ipo, shehe. Sindano ya fondaparinuksi inatengenezwa maabara mwanzo mpaka mwisho, tatizo ni kuipata. Vipo na vidonge: rivaroksabani, apiksabani, dabigatrani. Hivi havina mnyama kwenye dawa yenyewe. Shirika la Afya Duniani liliingiza kundi hili kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Na kuna warfarini, ya zamani na ya bei nafuu, ila inataka upimwe damu mara kwa mara.

#14 Kongowea_Moja
Salamu kutoka Mombasa. Mamangu alibadilishwa goti, akapewa rivaroksabani 10 mg, tembe moja kwa siku, wiki mbili, basi. Hakudungwa hata siku moja nyumbani. Sisi hatukuuliza mambo ya nguruwe, tulichotaka ni kitu anaweza kumeza mwenyewe, maana nyumbani hakuna mtu ana moyo wa kumdunga mama.

#15 Dawa_Baridi
Kongowea, hiyo ni sahihi kwa mamako. Ila mzee wa Muheza kavunjika, hakupanga. Rivaroksabani ilisajiliwa kwa nyonga na magoti ya kubadilishwa kwa mpango. Wapo madaktari wanaoipa hata waliovunjika, wapo wasiotaka. Ndiyo maana nasema simu kwa aliyeandika.

#16 Soksi_za_Leeds
Mimi nalea wazee huku Uingereza. Zamani kila aliyetoka operesheni tulimvisha soksi ndefu za kubana ili asipate bonge, kuvisha tu ni mieleka ya robo saa. Mwaka 2020 ukatoka utafiti wa hapa hapa kwamba kwa mgonjwa wa operesheni anayepata heparini, soksi haziongezi kitu. Mwaka 2009 walishaona kwa waliopata kiharusi kwamba hazisaidii na zinachubua ngozi. Mikono yangu ilishukuru.

#17 Mtu_wa_Muheza
Wakuu, asanteni. Niseme ukweli ambao sikuusema kule juu. Zile kumi ziliisha Alhamisi. Nilikuwa nasubiri mshahara na pia nasubiri majibu yenu. Leo ni siku ya nne hajachomwa. Na Ijumaa tulimsafirisha kwa basi kutoka Dar mpaka Muheza, karibu saa sita na foleni, amekaa siti ya nyuma mguu umenyooka kwenye begi.

Tangu jana mguu ule ule wa operesheni umevimba kuanzia kigimbi, ukigusa una joto. Bi mkubwa kamwita mkandaji, anakuja baada ya Magharibi na mafuta ya nazi.

#18 Nesi_Mstaafu
MSIMKANDE. Mrudishe mkandaji mlangoni. Kama kuna bonge kwenye vena, kukanda ni kulisukuma lielekee mapafuni. Mtafutie gari sasa hivi, usisubiri asubuhi. Akianza kuhema, kifua kikichoma akivuta pumzi, akakohoa damu au akazimia, hiyo si ya gari la jirani, ni ya kukimbiza kwa njia yoyote. Andika ukifika.

#19 Bwana_Siafu
Mkuu usiogope sana, mguu wa operesheni huvimba wenyewe. Wangu wa bodaboda ulivimba miezi mitatu na hakukuwa na bonge.

#20 Pangani_Kisiki
Huku Tanga mguu ukivimba mnakimbilia damu! Matende je? Babu zetu walivimba miguu na wakaishi. Mzee alikuwa anameza zile dawa za kampeni, ivermektini na albendazo?

#21 Nesi_Mstaafu
Pangani_Kisiki, matende huja polepole kwa miaka, hayaji Jumapili kwa sababu ya basi la Ijumaa. Siafu, kweli huvimba wenyewe, lakini kwa macho huwezi kutofautisha. Ndiyo sababu ya kipimo.

#22 Mjukuu_wa_Bibi
Msinicheke, ila ngazi za msikiti kazipanda miaka arobaini, iweje ateleze mwaka huu? Mzee ana shamba? Ana kesi ya mpaka?

#23 Ustadhi_Mdogo
Ngazi zilikuwa zimemwagikiwa maji ya udhu, bibie. Hata mimi zimeshaniangusha.

#24 Mtu_wa_Muheza
MREJESHO. Tuko hospitali, Tanga. Wamempima kwa ultrasaundi ya Dopla, yule dada anabonyeza mguu kwa kile kifaa na vena inatakiwa ijifinye. Ya nyuma ya goti haikujifinya. Akanionyesha kwenye kioo: duara limejaa kijivu, halikubali kufumba. Bonge lipo. Mapafu wanasema yako sawa.

Ana kilo 60, kwa hiyo sasa ni Clexane 60 mg MARA MBILI kwa siku, na ameanzishiwa warfarini. Mimi niliyekuwa nalia na moja kwa siku. Suala la nguruwe tumemwambia mwenyewe, shehe. Kanyamaza kidogo akasema "nichomeni, Mungu si mwanasheria".

#25 Kiporo_cha_Jana
Mzee kafunga mjadala kuliko nyinyi wote. Pole sana mkuu.

#26 Ustadhi_Mdogo
Mwambie namwombea afya. Na aongezee istighfari hapo kwa huyo mwanasheria.

#27 Kongowea_Moja
Pole ndugu. Lakini sasa tuulizane, ni nini hasa? Siku nne au basi? Mimi naona basi. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilisema safari ya kukaa zaidi ya saa nne inaongeza hatari mara 2 hadi 3, na si ndege peke yake, hata basi na treni.

#28 Dawa_Baridi
Hiyo ni kweli, ila wenyewe walisema kwa mtu mzima wa afya, hata baada ya safari yenyewe, ni kama mmoja kati ya 6,000. Mara tatu ya kitu kidogo bado ni kidogo. Nyonga iliyovunjika ndiyo mzigo mkubwa hapa. Kuna Mjerumani wa karne ya 19, Virchow, anayesifiwa kwa mambo matatu: damu kusimama, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa tayari kuganda. Mzee alikuwa nayo yote kabla hajaliona basi.

#29 Bwana_Siafu
Kwa hiyo ni zile siku nne.

#30 Dawa_Baridi
Sijasema hivyo. Wapo wanaochomwa zote 35 na bado wanapata. Huenda hili bonge lilianza wodini kabla ya sindano ya kwanza.

#31 Mifupa_Mitatu
Nasoma tangu juzi, nafanya kazi jirani na haya mambo. Dawa_Baridi, nakuheshimu, ila pale #4 umeibana aspirini mno. Mwaka 2023 ulitoka utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada, wagonjwa 12,211 waliovunjika mifupa. Nusu wakapewa aspirini 81 mg mara mbili kwa siku, nusu enoksaparini. Vifo ndani ya siku 90: asilimia 0.78 kwa 0.73. Bonge la mapafu likawa sawa kabisa, 1.49 kila upande. Kwa hiyo kijana wa duka si mjinga kama mnavyomchora.

#32 Dawa_Baridi
Endelea kusoma mstari unaofuata, mkuu. Bonge la mguuni lilikuwa 2.51 upande wa aspirini na 1.71 upande wa enoksaparini. Mzee ana bonge wapi? Mguuni. Na wastani wa umri wa wagonjwa wale ulikuwa kama miaka 45, mzee ana 71. Halafu 2022 kuna wa Australia, nyonga na magoti bandia, zaidi ya watu 9,000: mabonge yenye dalili 3.45 kwa aspirini, 1.82 kwa enoksaparini.

#33 Mifupa_Mitatu
Na mabonge mengi ya hiyo tofauti ya Australia yalikuwa ya chini ya goti, ambayo mengi hayaui. Nakubali ya umri. Ila niulize hivi: aspirini ambayo mtu ataimeza siku zote 35 kwa hela ya andazi, na sindano atakayochomwa kumi akaishia hapo, ipi kinga?

#34 Nesi_Mstaafu
Hapo umegusa penyewe. Karatasi ya kuruhusiwa ilitakiwa iulize "utazipata wapi hizi?" Miaka yangu ya wodini tuliandika dawa, hatukuuliza mfuko.

#35 Dawa_Baridi
Sina jibu la haraka kwa hilo. Ila mwamuzi awe daktari aliyejua ameandika aspirini, asiwe mshahara.

#36 Ticha_Kemia
Nimerudi na historia nyingine, hii nina uhakika nayo. Warfarini aliyoanzishiwa mzee ilitokana na ng'ombe. Miaka ya 1920, kule Marekani ya kaskazini na Kanada, ng'ombe walikuwa wanakufa kwa kuvuja damu. Ukimkata pembe tu, haachi kutoka damu. Kumbe walikuwa wanalishwa majani makavu ya klova tamu yaliyoota ukungu. Februari 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin akapakia mtamba aliyekufa na kopo la maziwa lililojaa damu isiyoganda, akaendesha gari kwenye theluji mpaka chuo kikuu cha Madison. Akaangukia mikononi mwa mkemia Karl Link. Wakafanya kazi miaka sita hivi mpaka wakaipata kemikali yenyewe. Baadaye wakatengeneza dada yake mwenye nguvu zaidi, na mwaka 1948 ikaingia sokoni kama SUMU YA PANYA.

#37 Kiporo_cha_Jana
Utumbo wa nguruwe asubuhi, sumu ya panya jioni. Mzee wa watu alikuja kuswali tu.

#38 Bwana_Siafu
Na Rais Eisenhower si ndiyo iliyomuua?

#39 Ticha_Kemia
Hapana! Alipewa 1955 baada ya shambulio la moyo, akamaliza kipindi na kuchaguliwa tena. Alifariki 1969. Yeye ndiye aliyeipa heshima, watu wakaacha kuiona ya panya.

#40 Mla_Kisamvu
Mimi niko kwenye warfarini mwaka wa tano sasa kwa valvu ya chuma ya moyo, kwa hiyo nisikilizwe. Mtu_wa_Muheza, mtaambiwa "asile mchicha". Si hivyo. Warfarini inapigana na vitamini K, na vitamini K imejaa kwenye mchicha, matembele, kisamvu, sukuma wiki. Kosa si kula, kosa ni kubadilika. Mimi nakula kisamvu kila wiki kiasi kile kile na dozi yangu imezoea hivyo. Nilipoacha mboga zote kwa hofu, namba ikaruka, fizi zikaanza kutoa damu nikipiga mswaki.

Namba ni INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda. Kwa bonge la mguu wanataka iwe kati ya 2 na 3. Mimi wa valvu ni juu kidogo. Weka daftari. Tarehe, dozi, INR. Na msinunue ovyo Flagyl, Septrini wala fulukonazo, zinaipandisha. Diklofenaki kwa maumivu ya nyonga ndiyo kabisa, tumbo linaweza kuvuja damu kimyakimya, kinyesi kikawa cheusi kama lami.

#41 Mtoto_wa_Kayanga
Naunga mkono ya daftari. Mjomba alikuwa na bonge, katikati ya matibabu akagundulika na TB. Rifampisini ikawa inaila warfarini yote. Wakapandisha dozi, wakapandisha, INR imegoma kwenye 1.4. Miezi sita ikaisha, TB imepona, kila mtu kafurahi, hakuna aliyekumbuka kuishusha warfarini. Wiki ya tatu akaamka shuka zimelowa damu ya pua. Alipona kwa vitamini K ya mshipani. Nikauliza kama vile vidonge vipya visingekuwa na shida hiyo, nikaambiwa rifampisini inavila navyo.

#42 Bi_Chaurembo
Jamani, mmesahau wanawake. Dada yangu alijifungua kwa operesheni, siku ya 16 yuko ndani kwenye arobaini yake, hatoki, analetewa uji kitandani. Akaamka kwenda chooni, akakaa chini, "kifua kinanibana". Bonge mapafuni. Yuko hai, alhamdulillahi. Daktari akatuambia wiki sita baada ya kujifungua ndiyo wakati mbaya kuliko ujauzito wenyewe. Hata Serena Williams yalimkuta hayo hayo 2017 baada ya kujifungua, tena alijijua kwa sababu alishawahi kuumwa 2011. Ilibidi awasisitizie wahudumu wampime.

#43 Mjukuu_wa_Bibi
Sasa mnailaumu arobaini? Arobaini ya bibi yangu haikuwa ya kulala. Mzazi anakandwa maji moto, anatembezwa uani, anafungwa mkaja.

#44 Bi_Chaurembo
Siilaumu, nasema ya dada yangu ilikuwa ya kitandani na simu.

#45 Nesi_Mstaafu
Bi Chaurembo, umesema kweli. Wenye hatari kubwa huandikiwa heparini wiki sita. Inafaa kwa anayenyonyesha, warfarini pia inafaa kwa anayenyonyesha, ila warfarini kwa mjamzito hapana, inadhuru mtoto tumboni. Na wenye vidonge vya majira vyenye estrojeni, kama ulishawahi kupata bonge, mwambie anayekuandikia.

#46 Pangani_Kisiki
Na chanjo za korona je? Zile za Johnson hamzitaji.

#47 Mifupa_Mitatu
Zilitajwa 2021, na zilikuwa kweli kwa wachache mno. Ni ugonjwa mwingine, kinga ya mwili inaziamsha chembe sahani zake zigande. Fungua uzi wako, mkuu, huu wa nyonga.

#48 Mtu_wa_Muheza
MREJESHO WA PILI. Siku ya saba ya warfarini, INR 2.3, jana ilikuwa 2.1. Sindano wamesimamisha leo, warfarini inaendelea miezi mitatu. Uvimbe umepungua, soksi ya kawaida inaingia. Anatembea na fremu mpaka jikoni na kurudi. Nimefungua daftari kama alivyosema Mla_Kisamvu.

Jambo moja limenichekesha na kuniuma. Nimekwenda kwa jirani yule wa bao, nikamuuliza ilikuwaje yeye hakuchomwa. Akasema alikuwa anameza vidonge, mwanawe alimletea kutoka Muscat, mwezi na siku kadhaa. Hakumwambia mtu kwa sababu hakuulizwa. Jina halijui, boksi walishatupa. Anakumbuka vilikuwa vidogo, vyekundu.

#49 Kongowea_Moja
Vyekundu! Rivaroksabani 10 mg ya mama ilikuwa nyekundu hafifu. Nimewaambia.

#50 Dawa_Baridi
Vidonge vya kuongeza damu navyo ni vyekundu, Kongowea.

#51 Mifupa_Mitatu
Na kuna aspirini zilizopakwa rangi nyekundu pia.

#52 Mtu_wa_Muheza
Mzee anasikiliza nikimsomea. Anauliza kama na panya nao wanakatazwa kubadilisha kisamvu.